Mtori wa Mbuyuni ndo umenipokea Moshi, soma kama na wewe unahamia

Aisee kama umepata uhamisho wa kuja Moshi, au umeolewa huku, au umeamua tu kubadilisha mkoa utafute maisha, sehemu ya kwanza ya kwenda kula sio yale mahoteli ya watalii pale katikati ya mji. Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, upande wa wauza ndizi, ulizia mama wa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Hana kibao wala jina la biashara ukutani ila mbeba mizigo yeyote ukimuuliza anakupeleka mpaka mlangoni. Na jina lake mimi siliandiki hapa mana sijamuomba ruhusa, ila hiyo "mama wa mtori" inatosha kabisa kumpata.

Mimi natokea Mtwara, nimekuja huku kikazi na mwanangu wa darasa la pili. Kwetu ni bahari, korosho, ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, pweza, ugali wa mhogo. Ndizi kwetu unaila ikishaiva au unaipika na nazi kwenye futari, basi. Sasa kuja kuishi sehemu ambayo ndizi ndo chakula chenyewe, asubuhi ndizi, mchana ndizi, kwenye msiba ndizi, kwenye harusi ndizi, ni raha ambayo sikuitegemea na ndo mana nimekaa kuandika hii. Watu wengi ukiwaambia unahama mkoa wanakupa pole, wanakuhesabia tu vya kuviacha. Mimi naona raha kubwa ya kuhama ni kwamba unarudi kuwa mtoto kwenye chakula, kila kitu unafundishwa upya na hamna anayekucheka, na kwa huyu mama ndo nimefundishwa vizuri kuliko sehemu yoyote.

Pakoje. Ni banda la mabati, meza ndefu chache na mabenchi, jiko la kuni kwa nyuma na masufuria makubwa. Sakafu ya simenti inapigwa maji kila mara. Mlangoni kuna ndoo ya bomba na sabuni ya maji, alafu kuna binti anahudumia pale, ukijifanya umesahau kunawa anakwambia "dada, nawa kwanza" bila kununa na bila kukuonea aibu, hata uwe umevaa suti. Moshi wanajulikana nchi nzima kwa usafi, ukitupa taka ovyo mjini unapigwa faini, na nilidhani ni sheria ya barabarani tu lakini kumbe imeingia mpaka kwenye vibanda. Bakuli linakuja likiwa kavu, kijiko kimesuuzwa na maji ya moto. Kwa mtu mwenye mtoto hilo ni la kwanza kabla ya ladha.

Haya sasa mtori. Nimekaa pale alfajiri mara nyingi tu mana naishi jirani na nimeona unavyopikwa mwanzo mpaka mwisho, kwa hio nawaambia kitu nilichokiona. Mifupa ya ng'ombe, mbavu na kidari vyenye nyama nyama, inawekwa jikoni kabla hakujakucha ichemke taratibu mpaka supu iwe nzito. Huku pembeni wanamenya ndizi mbichi, mshare, mikono imepakwa mafuta mana utomvu wa ndizi ukishika mkono hautoki leo na ukishika nguo ndo kwaheri. Ikimenywa tu inatumbukizwa kwenye maji isiwe nyeusi. Nyama ikiiva inatolewa inawekwa pembeni, ndizi zinaingia kwenye ile supu na kitunguu na chumvi, zinachemka mpaka zinasalimu amri zenyewe, alafu mama anaponda kwa mwiko mkubwa wa mti. Kwa mkono. Blenda hataki hata kuisikia, anasema blenda inafanya mtori uvutike kama gundi, na kweli kuna sehemu nyingine hapa hapa mjini, sipataji, nililetewa mtori wa blenda ulikuwa unanata mpaka kwenye meno. Wa huyu mama unabaki na punje ndogo ndogo za ndizi unazozisikia mdomoni. Mwisho anarudishia nyama, anaweka siagi ya kienyeji kidogo, anakoroga, tayari.

Unakuja mezani wa moto sana, na rangi ya umanjano hivi uliofifia. Unakamulia ndimu, kama unaweza pilipili weka ila weka kwa adabu, ile pilipili mbuzi yao sio ya mchezo. Ladha yake ni ya supu kwanza, alafu ndizi inakuja nyuma ikiwa na kautamu kadogo sana, sio sukari, alafu ile siagi. Unashiba mpaka saa nane mchana huulizi kitu. Bakuli la kawaida ni 2,500 na kipande cha mfupa wenye nyama, kubwa 3,500, chapati 500, chai ya maziwa yenye tangawizi 500. Kwa bajeti ya mtu ambaye amehamia juzi na bado analipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hio ni bei ya huruma kabisa.

Kitu kimoja kilinigusa moyo. Huku mtori ni chakula cha mzazi, mwanamke akijifungua analishwa mtori apate nguvu na maziwa yatoke, kwa hio asubuhi pale utakuta watu wamekuja na hotipoti na chupa za chai kuchukua mtori wa kupeleka nyumbani au hospitali. Kuna wamama wazee, kuna vijana wa kiume wamepata mtoto wa kwanza wamesimama na hotipoti ya maua hata hawajui waishikeje. Na utaratibu wa pale ni kwamba ukisema tu "nachukulia mzazi" foleni yote inakupisha. Hamna anayelalamika, hata bodaboda mwenye haraka zake anasogea. Na wa mzazi mama anauchota kutoka chini, ulipo mzito, na mfupa anachagua wenye nyama. Bei ile ile. Mimi ni mgeni wa huu mkoa, sina ndugu hata mmoja hapa, lakini kuona vile nilijisikia niko mahali ambapo hata likinikuta jambo watu watanipisha foleni.

Ukitoka kwenye mtori kuna vingine. Mchana kuna ndizi nyama, wenyewe wanaita machalari, na kuna siku anapika kiburu, hizi ni ndizi na maharage zinapikwa na magadi mpaka vinashikana. Kiburu kiukweli sio cha kila mtu siku ya kwanza, ile magadi ina ukali wake na rangi yake haivutii macho, ila kula na maziwa mgando pembeni ndo utaelewa. Mwanangu kiburu hataki mpaka leo, mtori anamaliza bakuli. Maharage ya mama ni ya siku ile ile, hapashi ya jana, ukimaliza umemaliza.

Faida nyingine ya kula pale ni kwamba unafundishwa soko. Ukihamia mkoa mpya sokoni ndo unaonekana mgeni haraka kuliko sehemu yoyote, unasimama mbele ya ndizi za kila aina huelewi ipi ni ipi na bei unapigiwa ya mgeni. Huyu mama amenikalisha akanifundisha: mshare ndo wa mtori mana unalainika haraka, mzuzu lile ndizi refu nene ni la kuchoma au kukaanga, kisukari ni vile vidogo vya kula vikiiva. Usinunue kichane kama una friji na watu watatu nyumbani, nunua mkungu mgawane na jirani. Angalia pale ulipokatwa, kama bado unatoa utomvu ujue umeshuka leo asubuhi. Alafu anakuelekeza, "nenda kwa yule mama wa Kibosho, mwambie nimekutuma mimi." Ukifika ukasema hivyo bei inashuka hapo hapo. Sasa hivi mimi nina mama wangu wa ndizi, mama wangu wa maharage na kijana wangu wa maparachichi, wote nimewapata kwa kutumwa na mtu mmoja.

Ndizi zenyewe zinashuka kutoka juu, Kibosho, Uru, Machame, Marangu, mpaka Rombo, wamama wanaziteremsha na pikapu alfajiri. Mwenzangu mmoja wa kazini alinipeleka kwao Uru nikaona kihamba kwa macho yangu. Yani shamba liko hapo hapo nyumbani, migomba juu, kahawa chini yake kwenye kivuli, katikati maboga na magimbi, ng'ombe yuko bandani hatoki, analetewa majani na magogo ya migomba humo ndani, alafu samadi yake inarudi kwenye mgomba. Na maji yanapita kwenye mifongo, ile mifereji waliyochimba wazee wao zamani kuyatoa mtoni huko juu na kuyagawa kijiji kizima kwa zamu. Mimi nimekulia kwenye mikorosho, mashamba ya mchanga, mti na mti mbali mbali, jua linapiga mpaka chini. Kuingia kwenye kihamba saa saba mchana ukakuta giza la majani na ubaridi na sauti ya maji, nilitaka kukaa pale pale nisirudi mjini. Toka siku hio mtori nauelewa vingine kabisa, najua ile ndizi ilikuwa imesimama wapi juzi.

Sasa nisisahau mezani, mana hii nayo ni sehemu ya sevisi japo mama hailipishi. Benchi ni moja ndefu, huchagui wa kukaa naye, na asubuhi kuna wazee wanakuja wanakunywa chai wanaongea kahawa. Bei ya kahawa, mnada, malipo ya pili, chama cha msingi kimesema nini. Jamani mimi baba yangu ni mkulima wa korosho, nimekua nikisikia maneno hayo hayo, mnada, stakabadhi ghalani, MAMCU (chama kikuu cha ushirika cha kwetu) imesema nini. Nilikaa nasikiliza nikajikuta nimeingia kwenye maongezi, babu mmoja akaniuliza "kumbe na kwenu mnapigana na mizani?" nikamwambia babu, mizani ndo wimbo wa kwetu. Basi kuanzia hapo nikifika ananisogezea nafasi. Yeye ndo alinieleza kwamba wakulima wa kahawa wa huku walianzisha umoja wao 1925, ukaitwa KNPA, alafu 1933 ndo ikawa KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, anaitaja kwa fahari hio miaka utadhani ni ya kuzaliwa watoto wake. Na chuo kikuu cha ushirika pale njia ya Sokoine kilianza 1963 kama chuo cha ushirika tu. Nchi ni moja hii jamani, zao linabadilika, hesabu za mkulima ni zile zile, na ukikaa kimya ukasikiliza meza ya watu wazima unaingia kwenye mkoa haraka kuliko kuulizia mitandaoni.

Mlima Kilimanjaro. Lazima niuseme mana wanaohamia wote wanauliza. Benchi la nje la mwisho ukikaa umeangalia kaskazini unauona juu ya mabati ya soko, vilele viwili, Kibo upande mmoja na theluji yake, Mawenzi upande wa kulia imechongoka. Ila sio saa zote. Uwahi asubuhi, kuanzia kunakucha mpaka saa mbili tatu hivi, baada ya hapo mawingu yanapanda yanafunika, mara nyingi unafunguka tena jioni. Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, unaweza kukaa siku nyingi usiuone. Mwanangu alifundishwa na yule binti wa pale kipi ni Kibo kipi ni Mawenzi, na mita 5,895 za urefu wa Kibo anazo kichwani, anamwambia kila mtu anayempigia simu kutoka Mtwara, bibi yake ameambiwa mpaka amezoea.

Na kuhusu baridi, kwetu walinifungia mablanketi wakijua nakwenda kuganda. Moshi mjini kuna joto. Mwezi wa kwanza na wa pili kuna joto la kweli, ni juu huko vijijini ndo baridi, na mjini baridi ni mwezi wa sita, wa saba mpaka wa nane hivi, asubuhi kunakuwa na mawingu na kaupepo, na hapo mtori ndo unakuwa dawa. Kwa hio mwenzangu wa Pwani usiogope.

Samaki sasa, mana najua wa bahari mwenzangu utauliza. Mama hapiki samaki, lakini hatua chache kutoka kwake kuna wanaouza perege wa Nyumba ya Mungu, lile bwawa la kule chini upande wa Mwanga. Nitakuwa mkweli, perege sio changu, ana ladha ya matope kidogo na miiba yake lazima umuangalie mtoto anapokula. Ila ukimkausha kwa chumvi na ndimu ukamkaanga mkavu, alafu ukamla na mzuzu wa kuchoma, hio sahani kwetu haipo na nitaikosa siku nikihama tena. Nazi huku ni ghali na haziko kila mahali, nunua nyingi ukizipata.

Mapungufu yapo na ni lazima yasemwe. Viti ni vichache, saa mbili asubuhi utakula umebanwa mabega. Moshi wa kuni unaingia ndani upepo ukigeuka, mwenye kifua au pumu akae nje. Choo hana, unatumia cha soko. Mtori unaisha mapema, saa nne ukifika unaweza kukuta masufuria yanaoshwa, na hapiki wa pili, nimemwambia aongeze sufuria anasema "mwanangu, nikipika mwingi nitapika vibaya." Nimeona ana haki yake hapo japo inauma ukifika na njaa. Kipande cha nyama kwenye bakuli la 2,500 kuna siku ni mfupa zaidi kuliko nyama, siku hizo ni bora uchukue bakuli kubwa. Na kupokea hela anapokea taslimu au unamtumia kwenye simu yake ya kawaida, lipa namba hana, kwa hio makato ya kutolea uyaongeze wewe mwenyewe, ni ustaarabu tu.

Mwezi wa 12 ni habari nyingine kabisa. Wachaga wote walioko Dar na kwingine wanarudi kuhesabiwa nyumbani, mji unajaa magari, ndizi zinapanda bei, ng'ombe zinapanda, foleni ya mama inafika barabarani. Bakuli lilipanda 500 kuanzia wiki ya Krismasi likashuka tena baada ya mwaka mpya, na alitutangazia mapema wateja wa kila siku. Mimi sikurudi Mtwara sikukuu ile, na kiukweli nilikuwa naogopa kukaa peke yangu na mtoto wakati mji mzima uko na ndugu zake. Mama akaniambia tu "unakuja kwangu, mtoto asikae ndani siku ya sikukuu." Tulikwenda. Tulikula kwa mtu ambaye tulianza naye kwa kununua bakuli la mtori, tukachinjiwa mbuzi, mwanangu akacheza na wajukuu mpaka usiku, wazee wakanipa mbege nionje, ni pombe ya ndizi na ulezi, ina uchachu fulani na unywaji wake ni wa pamoja. Sasa sitegemei kila mteja aalikwe, msiende mkadai, ila nimeandika mjue ni mtu wa aina gani anayewapikia.

Kwa hio maksi zangu: mtori 10 kwa 10 na sipunguzi. Ndizi nyama 8. Kiburu 7 mana mimi bado najifunza. Usafi 9, hio moja ni ya moshi wa kuni. Nafasi ya kukaa 5. Sevisi 10, na hapo sijahesabu mafunzo ya sokoni.

Kufika, kama unatoka stendi kuu panda bajaji mwambie Mbuyuni sokoni, sio mbali, ukiwa na nguvu na huna mizigo unatembea. Ingia upande wa wauza ndizi. Beba noti ndogo ndogo, asubuhi chenji hamna. Kama unabeba kwenda nazo nenda na hotipoti yako mana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku na vikombe vya kubebea hana. Usiende Jumapili, hafungui, anakuwa kanisani na baada ya hapo anapanda kwao, Jumatatu asubuhi yupo.